Kiwango cha teknolojia shuleni kianze na dakika za mwanafunzi kwenye kibodi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na maofisa elimu, wakuu wa shule, wathibiti ubora na madiwani wa mikoa ya Mtwara na Lindi kuhusu namna tunavyopima teknolojia katika shule zetu. Kila shule inapokabidhiwa kompyuta, taarifa inayotoka ni idadi: kompyuta ishirini, printa moja, projekta moja. Idadi hiyo ndiyo inayoingia kwenye fomu za takwimu, na mwakani inarudiwa vilevile, hata kama sita kati ya hizo ziko kabatini, mbovu. Sisi tunaofundisha somo hili na kuzitengeneza mashine hizi tunasema kipimo hicho hakimfikii mtoto. Kipimo cha kwanza kiwe muda anaoupata mwanafunzi mmoja kwa wiki, mikono yake mwenyewe ikiwa kwenye kibodi.

Chukua mfano wa sekondari ya kata yenye kompyuta 20 na mikondo minne ya wanafunzi 60 wanaosoma somo la kompyuta. Zinazowaka ni 14. Kipindi ni dakika 40, na kila mkondo una vipindi viwili kwa wiki. Dakika 10 za mwanzo zinaishia kwenye kufungua chumba, kugombea viti, kuwasha mashine na kungoja zikae sawa. Zinabaki 30. Mashine 14 kwa dakika 30 ni dakika 420. Zigawe kwa watoto 60, kila mmoja anaondoka na dakika saba. Kwa wiki ni 14. Ukiondoa mitihani, michezo ya UMISSETA na sikukuu, tuseme mwaka una wiki 30 za kufundisha kwelikweli: dakika 420, yaani saa saba kwa mwaka mzima. Katika saa saba hizo tunategemea mtoto wa Mahuta au wa Nangurukuru ajue kuchapa, kuhifadhi faili, kutengeneza jedwali, kutafuta taarifa na kuandika programu. Haiwezekani, na mwalimu hana kosa.

Lakini hesabu hiyohiyo inaonyesha njia ya kutokea. Mashine zote 20 zikiwaka, na muda wa kujiandaa ukishuka hadi dakika nne, mtoto anapata dakika 12 kwa kipindi, 24 kwa wiki. Chumba kikiachwa wazi kwa zamu, dakika 60 baada ya masomo, siku nne kwa wiki, mashine 20 zinatoa dakika 4,800; zigawe kwa wanafunzi wote 240, kila mmoja anaongezewa 20. Jumla ni dakika 44 kwa wiki, saa 22 kwa mwaka. Zimezidi mara tatu na hakuna kompyuta mpya hata moja iliyonunuliwa. Pendekezo letu kwa halmashauri zote za mikoa hii miwili ni hili: kiwango cha chini kiwe saa 20 za kibodi kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kila uamuzi mwingine, wa vifaa, mafunzo ya walimu au bajeti, upimwe kwa kuuliza unaongeza au unapunguza dakika ngapi.

Tuanze na zile dakika kumi za mwanzo. Kompyuta nyingi tulizo nazo ni za mtumba au za msaada, zina diski ngumu za zamani zinazozunguka na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 au pungufu. Mashine ya namna hiyo inaweza kuchukua dakika nne au tano hadi programu ya kwanza ifunguke. Ukiitoa diski hiyo ukaweka SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya GB 240, na RAM ukaifikisha GB 8, mashine ileile inawaka chini ya dakika moja. Kwa gharama yake, hakuna tengenezo linalolipa kuliko hili, na fundi akishaandaa mashine moja vizuri anaweza kuinakili yote kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, kwenye nyingine 19, badala ya kuanza upya kila moja. Kwenye kila mashine mwanafunzi apewe akaunti yake ya kawaida, isiyo na ruhusa ya kusakinisha chochote. Akaunti ya usimamizi ibaki kwa mwalimu. Shule ambazo kila mtoto anaingia kwa akaunti ya msimamizi ndizo zinazoita fundi kila mwezi.

Kuna kijibetri cha duara ndani ya kompyuta ya mezani, CR2032, cha volti 3, ambacho wengi hawakijui. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio mashine inapokuwa imezimwa. Kikiisha, kila asubuhi kompyuta inasimama kwenye kioo cheusi ikidai mtu abonyeze F1, na tarehe inarudi nyuma miaka. Hapo tovuti zinakataa kufunguka kwa madai kwamba muunganisho si salama, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti vinalinganishwa na tarehe ya mashine. Mwalimu anadhani bando limeisha au mtandao umegoma, kumbe ni betri ya duka la saa. Kuibadilisha ni dakika tatu: chomoa umeme, fungua ubavu, bonyeza kile kishikizo, toa ya zamani, weka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia juu, washa, rekebisha tarehe. Kila shule iwe na betri hizi kumi za akiba.

Ukanda wetu nao una maradhi yake. Mikindani, Lindi mjini na Kilwa Masoko, hewa ya bahari inaacha utando wa chumvi kwenye miguu ya RAM. Kompyuta inalia bipu, kioo hakionyeshi kitu, na inaandikwa mbovu. Mara nyingi dawa ni kuichomoa RAM, kusugua ile sehemu ya dhahabu kwa raba safi ya penseli, kupangusa mabaki kwa kitambaa kikavu na kuirudisha hadi vishikizo vya pembeni vilie. Kwa wenzetu wa Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea na Ruangwa, adui wa kati ya Juni na Agosti ni salfa ya unga, dawa ya mikorosho. Wakulima wanaipuliza alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umetulia, na kiasi kinaingia madirishani. Salfa ikikutana na unyevu inakula shaba na fedha, na ndizo zilizo kwenye viunganishi vya kompyuta. Kwa shule iliyozungukwa na mikorosho, kanuni iwe madirisha ya chumba cha kompyuta kufungwa tangu jioni hadi saa nne asubuhi katika msimu wa kupuliza, mashine kufunikwa kwa kitambaa (si nailoni, maana nailoni inafungia unyevu), na feni za ndani kusafishwa kwa brashi laini ya rangi kila mwezi. Unaposafisha, zuia feni kwa kidole isizunguke. Kitambaa chenye maji kisiguse chochote ndani.

Umeme tutausema kwa kifupi kwa sababu kila mtu anaujua. Kompyuta mpakato ishirini zinachaji kwa takribani wati 45 kila moja, jumla wati 900, na umeme ukikatika betri zake zinamalizia kipindi. Za mezani ishirini, pamoja na vioo vyake, zinafika kwa urahisi wati 2,400, na zikizimika ghafla kazi ya darasa zima imepotea. Shule inayopewa nafasi ya kuchagua ichague mpakato. Umeme ukikatika, zima swichi kuu ya chumba; ukirudi, ngoja dakika tano ndipo uwashe, kwa sababu mruko wa volti ndio unaoua pawasapulai. Ekstensheni isichomekwe juu ya ekstensheni nyingine. Na waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme unaovuja, upimwe: udongo wetu wa kichanga ukikauka kuanzia Julai hadi Oktoba, fimbo moja ya ethi haitoshi. Zipigwe mbili au tatu, zikiachana angalau kwa urefu wa fimbo yenyewe, ziunganishwe. Mtoto akisema kasha la kompyuta linamtekenya mkono, chumba kifungwe siku hiyohiyo hadi fundi afike.

Suala la mfumo endeshi haliwezi kuahirishwa tena. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha marekebisho ya kawaida ya bure ya usalama kwa Windows 10, na mashine nyingi za shule haziwezi kupokea Windows 11 kwa sababu inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Wapo wanaoshauri zitupwe. Tunapinga. Linux Mint na LibreOffice zinafanya kazi zote za mtaala wa sekondari kwenye mashine hizo, bila leseni, na virusi vingi vya flashi vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows havizigusi. Wala wazo hili si geni nchini: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hatukuuendeleza ulivyostahili.

Sasa mwalimu. Viwango vya dunia vipo na ni vizuri. UNESCO ilitoa mfumo wake wa umahiri wa TEHAMA kwa walimu mwaka 2008, ukarekebishwa 2011 na 2018; toleo hilo la mwisho lina umahiri 18 katika ngazi tatu. ISTE, shirika la Marekani la teknolojia katika elimu, lilianza kutoa viwango vya wanafunzi mwaka 1998, na vya sasa vya wanafunzi vilitoka 2016, vya walimu 2017. Sisi wenyewe tuna Sera ya TEHAMA kwa Elimu ya Msingi tangu 2007. Tatizo ni kwamba nyaraka hizi zinasema mwalimu awe mbunifu, mshirikishi, mchambuzi wa takwimu, na zinaishia hapo. Mthibiti ubora anayefika shuleni Liwale hawezi kukagua ubunifu kwa dakika arobaini. Anaweza kukagua kazi iliyofanyika. Kwa hiyo tunataka kila umahiri ushushwe uwe kazi moja ambayo mwalimu anaifanya mbele ya mtu, kwenye mashine ya shule yake, na matokeo yake yanaonekana.

Mfano mzuri ni mkeka wa matokeo, yaani jedwali la alama za darasa zima, kwa sababu kila shule inautoa na kila mzazi anausoma. Mwalimu anayesemekana anajua kompyuta apewe alama za wanafunzi 60, atengeneze jumla, wastani, daraja na nafasi. Makosa yanayojitokeza ni yaleyale kila wilaya. La kwanza ni nafasi. Anaandika =RANK(B2,B2:B61) kwenye mstari wa kwanza, matokeo yanatoka sahihi, anaburuta fomula hadi chini. Kila mstari unaposhuka, eneo la kulinganisha nalo linashuka: mwanafunzi wa mwisho analinganishwa na B61:B120, yaani yeye peke yake na visanduku vitupu, na anakuwa wa kwanza. Watoto wa chini ya orodha wote wanapanda bila sababu. Tiba ni alama ya dola, =RANK(B2,B$2:B$61), ili eneo lisisogee. Kuna kompyuta ambazo mipangilio yake inadai nukta mkato badala ya koma. Fomula ikikataa, jaribu hivyo kabla ya kuita fundi.

Kosa la pili ni daraja. Kwa mtihani wa kidato cha nne, A huanzia 75, B 65, C 45, D 30, chini ya hapo ni F. Fomula ya IF inasoma kutoka kushoto na kusimama penye jibu la kwanza la kweli, hivyo ukianza na >=30 mwanafunzi mwenye 80 anapewa D. Anza na kubwa: =IF(B2>=75,"A",IF(B2>=65,"B",IF(B2>=45,"C",IF(B2>=30,"D","F")))). Halafu kuna wastani wa 74.6. Kisanduku kikipangwa kisionyeshe desimali kitaonyesha 75, lakini fomula inaona 74.6 na kutoa B. Mzazi anaona 75 pembeni ya B, anakuja shuleni na ana haki. Uamuzi wa kukadiria ufanywe na kikao cha taaluma, kisha uandikwe wazi kwa ROUND ndani ya fomula.

La tatu halionekani kwa macho. Alama iliyochapwa na herufi O badala ya sifuri, kompyuta inaichukua kama maandishi, na SUM inairuka kimyakimya. Dalili ni kwamba maandishi hukaa upande wa kushoto wa kisanduku na namba upande wa kulia, maadamu hakuna aliyebadilisha mpangilio. Asiyefanya mtihani aandikwe ABS, asiwekewe 0, kwa sababu AVERAGE inaruka maandishi lakini inahesabu sifuri na kuangusha wastani wa darasa. Na lililo baya kuliko yote: kupanga safu ya alama peke yake kutoka kubwa kwenda ndogo bila kuchagua jedwali zima. Majina yanabaki mahali pake, alama zinahama. Kila mtoto anabeba alama za mwenzake, na jedwali linapendeza kuliko lilivyokuwa. Programu huwa inauliza kama ipanue uteuzi. Mwalimu afundishwe kusoma swali hilo na kukubali.

Mwalimu anayeweza kuepuka makosa haya mbele ya mkaguzi amefaulu umahiri mmoja. Wa pili uwe utunzaji wa mitihani. Mitihani mingi ya ndani inachapwa nje ya shule, steshenari, na flashi ya mwalimu inarudi na virusi vinavyogeuza mafolda kuwa njia za mkato. Faili halijafutika, limefichwa. Usibonyeze njia ya mkato, kwa sababu kubonyeza ndiko kunakokiamsha kirusi. Skani flashi kwanza kwa programu ya kuzuia virusi, kisha kwenye dirisha la amri la Windows andika attrib -h -r -s /s /d ukiwa ndani ya flashi hiyo, mafolda yatarudi. Upande mwingine wa hatari ni nakala ya mtihani inayobaki kwenye kompyuta ya steshenari. Peleka PDF, chapisha moja kwa moja kutoka kwenye flashi, simama hapo hadi karatasi ya mwisho, na hakikisha hakuna nakala iliyobaki kwenye folda ya vilivyopakuliwa wala kwenye pipa la taka. Shule yenye printa yake isiende steshenari kabisa. Nakala za alama ziwe tatu: kwenye kompyuta ya taaluma, kwenye diski ya nje iliyofungiwa ofisini kwa mkuu wa shule, na moja nje ya jengo hilo.

Umahiri wa tatu ni kufundisha kwenyewe, na hapa tunataka tuwe wakali kidogo. Kusoma slaidi ukutani ni sawa na kusoma daftari, hakuongezi kitu. Teknolojia iingie pale ambapo ubao unashindwa. Mwalimu wa Fizikia anaweza kutumia maigizo ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ambayo hayalipiwi na ukishayapakua hayahitaji intaneti, kumwonyesha mtoto mkondo ukigawanyika kwenye balbu mbili za sambamba. Lakini baada ya hapo apewe betri, waya na balbu halisi. Wa Hisabati ana GeoGebra, programu ya kuchora grafu na maumbo. Mkaguzi aulize swali moja: mwanafunzi alifanya nini kwa mikono yake ambacho asingekifanya kwa chaki?

Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika viligawiwa walimu. Ni rasilimali kubwa, na nyingi inakufa kwa kutojua kutunza betri. Kishikwambi kikiwekwa kabatini kikiwa na asilimia sifuri kwa likizo nzima, betri inaweza isipokee chaji tena. Kiwekwe kikiwa na asilimia 40 hadi 60, kimezimwa, mahali penye ubaridi, na kichajiwe tena kila miezi mitatu. Kikivimba mgongo, kisichajiwe hata mara moja zaidi, kwa sababu betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kushika moto.

Vishikwambi hivi vinatosha kuendesha maktaba ya shule bila bando. Chukua kompyuta mpakato moja ya zamani, weka Kolibri kwa masomo na mazoezi na Kiwix kwa ensaiklopidia, iunganishe na ruta ya kawaida isiyo na laini. Vifaa vyote vinavyoona Wi-Fi hiyo vinafungua masomo kwa kivinjari. Ruta ya nyumbani ipewe vifaa 20 hadi 30 kwa wakati mmoja. Ukizidisha inaanza kuwatoa watoto. Wengine hutumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, nayo ni nzuri na inakula umeme kidogo sana, ila kadi yake ya kumbukumbu inaweza kuharibika umeme unapokatika, wakati mpakato ina betri yake. Watu wa Kusini hatuna haja ya kukumbushwa kwa nini maktaba ya ndani ni lazima. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara yetu huko Kilwa, na tarehe 12 ya mwezi huohuo nyaya za intaneti za baharini zikakatika na nchi nzima ikadorora. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ni hazina, lakini shule isiyo na nakala ya ndani ya chochote inafunga somo siku ya namna hiyo.

Kwa mwanafunzi, kiwango cha mwisho wa kidato cha pili kiwe kazi tano tu: achape ukurasa mmoja bila kuangalia kibodi kila herufi, ahifadhi faili kwa jina linaloeleweka na alipate wiki inayofuata, atengeneze jedwali la mauzo ya korosho la kilo, bei na jumla, lenye fomula, alinganishe taarifa moja kutoka vyanzo viwili na aseme kwa nini anaamini kimoja, aandike programu ndogo kwa Scratch, ambayo ina menyu za Kiswahili na inafanya kazi bila intaneti. Kila kazi apimwe peke yake. Kazi ya kikundi inaficha mengi: wanapokaa wanne, mmoja ndiye anayeshika kipanya muhula mzima, na mara nyingi ni mvulana. Wakae wawiliwawili inapowezekana, mmoja anaendesha, mwingine anasoma maelekezo na kukagua, na mwalimu apige kengele kila dakika saba wabadilishane. Bila kengele hawabadilishani. Mwanafunzi mwenye ualbino au uoni hafifu akae kwenye mashine yenye kioo kikubwa, maandishi yakuzwe na rangi zigeuzwe ziwe nyeupe juu ya nyeusi. Asiyeona kabisa, kwenye mashine ya Windows ana NVDA, programu ya bure inayosoma kioo kwa sauti. Kuiweka ni kazi ya robo saa, na shule isiyoiweka isidai kwamba haikuwa na fedha.

Akili mnemba imeshaingia kwenye kazi za nyumbani kupitia simu za wazazi na kaka zao, hata kama mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu shuleni. UNESCO ilitoa mifumo ya umahiri wa akili mnemba kwa walimu na kwa wanafunzi mwaka 2024. Kwa shule zetu tunashauri kanuni fupi: aliyetumia aseme ametumia, aambatanishe swali aliloliuliza, na aonyeshe kwa kalamu mambo matatu aliyoyahakiki kwenye kitabu. Programu hizi zinajibu kwa kujiamini hata zinapobuni, na kwa habari za Kusini, mathalani Vita vya Majimaji huku Kilwa, makosa ni mengi. Mwalimu ayageuze makosa hayo kuwa somo.

Jambo linalotutia uchungu zaidi ni taarifa za watoto. Mikeka yenye majina kamili na alama inarushwa kwenye magrupu ya WhatsApp yenye mamia ya watu, pamoja na picha za watoto waliofanya vibaya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na taarifa za mtoto zinahitaji ulinzi zaidi ya za mtu mzima. Mzazi atumiwe matokeo ya mwanawe peke yake. Kwenye tangazo la wote zitumike namba za mtihani bila majina, na picha ya mtoto isitoke shuleni bila ridhaa ya mzazi kwa maandishi.

Fedha za yote haya si za kutisha, ila haziwezi kuendelea kutoka kwenye mifuko ya walimu. Ushuru wa korosho unaingia kwenye halmashauri zetu kila msimu, na madiwani wanapopitisha bajeti huweka fungu la kujenga na fungu la kununua, la matengenezo halionekani. Tunaomba wenyeviti wa halmashauri walitenge kwa jina lake: SSD, RAM, betri za CR2032, betri za mpakato, na posho ya fundi mmoja wa wilaya anayezunguka kila shule mara moja kwa muhula. Tunawaomba maofisa elimu sekondari wahamishie kazi zile za mkeka na mitihani kwenye vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) vya kata, mwalimu akifundisha mwenzake kwenye mashine, kwa sababu semina ya siku mbili ya kusikiliza haibadilishi chochote.

Na kwa wathibiti ubora: mkifika, msiulize kompyuta ni ngapi. Ombeni daftari la chumba cha kompyuta, lenye tarehe, mkondo, mashine zilizowaka, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na jina la aliyefungua chumba baada ya masomo. Gawanyeni wenyewe dakika kwa wanafunzi, na namba mtakayoipata iandikwe ukurasa wa kwanza wa taarifa yenu. Shule isiyo na daftari hilo iandikiwe sifuri hadi iwe nalo.

Wenu,
Walimu wa somo la kompyuta na mafundi wa TEHAMA,
Mtwara na Lindi